Diski ya Nje Inapokataa Kupachuliwa: Chanzo na Njia ya Utatuzi

UTANGULIZI

Diski ya nje imekwisha kuingia katika kazi za kila siku za shule. Ndani yake huhifadhiwa alama za mitihani, ripoti za majaribio ya maabara, picha za sherehe na nakala za vitabu. Urahisi wake wa kubebeka ndio faida yake kubwa. Hata hivyo, urahisi huo huo ndio humfanya mtumiaji asahau kwamba diski, madhali imeunganishwa na kompyuta, haimo mikononi mwake peke yake.

Mathalan, mwalimu wa taaluma amemaliza kunakili alama za muhula za kidato kizima. Gari linamngojea nje. Anabonyeza alama ya kutoa diski, na kompyuta inamjibu kwamba diski ingali inatumika. Anafunga dirisha moja na kujaribu tena. Jibu ni lile lile. Anatazama kila pembe ya kioo asione kitu chochote kilichobaki wazi. Hapo ndipo mkono hunyooka kuuelekea waya. Kitendo hicho cha nukta moja chaweza kuharibu kazi ya wiki tatu.

Somo hili lina shabaha ya kueleza kwamba kukataa huko si ukaidi wa mashine, bali ni taarifa. Kompyuta husema kwamba kuna mtu, au tuseme programu, ambayo ingali imeishika diski. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza si "Itatolewaje kwa nguvu?" bali ni "Ni nani aliyeishika?"

1. MAANA YA KUPACHIKA NA KUPACHUA

Diski inapochomekwa katika kompyuta, mambo mawili tofauti hutendeka. La kwanza ni la umeme: diski hupata nguvu na kutambulikana. La pili ni la mpangilio: mfumo endeshi husoma orodha ya mafaili yaliyomo, kisha huiunganisha orodha hiyo na mti wa mafaili ya kompyuta nzima. Tendo hili la pili huitwa kupachika. Kinyume chake ni kupachua, yaani kuiondoa diski katika mti ule kwa utaratibu, kabla ya kuuchomoa waya wenyewe.

Istilahi hii ina historia yake. Katika vyumba vya kompyuta vya zamani, mhudumu alichukua utepe wa sumaku au furushi la sahani za diski na kulipachika kwa mikono katika mashine. Mfumo wa Unix, ambao ulianza kutungwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell nchini Marekani, uliichukua lugha hiyo. Mwongozo wake wa kwanza, uliotolewa mwaka 1971, ulikuwa tayari na amri mbili, mount na umount, ambazo zatumika hadi leo katika Linux na katika kompyuta za Mac. Windows hutumia maneno mengine, lakini kanuni ni ile ile.

2. MFANO WA MASJALA

Ili jambo hili lieleweke vizuri, yafaa kuifikiria masjala ya ofisi. Karani wa masjala hutunza mafaili yote katika makabati. Ofisa anapohitaji faili, karani humpa na kuandika katika daftari lake jina la ofisa na namba ya faili. Faili likirudishwa, mstari ule hufutwa. Aidha, barua zinazoletwa ili zihifadhiwe haziingizwi kabatini moja moja. Karani huziweka kwanza katika trei iliyo juu ya meza, kisha akipata nafasi huzipanga zote kwa pamoja, kila moja katika faili lake.

Sasa tuseme mkuu wa ofisi anaamuru kabati moja lihamishiwe jengo jingine. Karani mwema atatazama mambo mawili. Kwanza, atafungua daftari lake aone kama kuna faili la kabati lile ambalo lingali mezani kwa ofisa fulani. Pili, atatazama trei kama kuna barua za kabati lile ambazo hazijapangwa.

Mfumo endeshi ndio karani, na diski ya nje ndiyo kabati. Maofisa ni programu zinazoendeshwa, ambazo kila moja hupewa namba yake. Trei ni sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta iliyotengwa ili maandishi yangojee humo kabla ya kufika katika diski. Trei hiyo ilibuniwa kwa sababu kumbukumbu ya ndani huandikwa upesi zaidi mara nyingi kuliko diski yoyote ya nje.

3. KUKATAA NA KUKAWIA SI JAMBO MOJA

Watumiaji wengi huchanganya hali mbili ambazo chanzo chake ni tofauti.

Hali ya kwanza ni kukawia. Hutokea pale ambapo hakuna faili lililoazimwa, lakini trei ingali na barua. Mfumo endeshi hupokea amri ya kupachua, humimina katika diski yote yaliyokuwa yakingojea, kisha hutimiza amri. Dawa ya hali hii ni subira tu.

Hali ya pili ni kukataa. Hutokea pale ambapo daftari la karani laonyesha kwamba faili moja au zaidi yamo mikononi mwa programu. Hapa mfumo endeshi hausubiri. Hurudisha jibu mara moja kwamba diski ina shughuli. Katika Unix na Linux jibu hilo lina jina lake, EBUSY, na namba yake ni 16. Subira peke yake haitoshi, kwa kuwa programu yaweza kulishika faili kutwa nzima bila kuandika hata herufi moja. Dawa yake ni kuitafuta programu hiyo na kuifanya iachilie.

Ukubwa wa hatari ya kutosubiri waweza kukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Tuseme faili lina megabaiti 400, na flashi yaandika megabaiti 8 kwa sekunde. Muda unaohitajika ni:

400 ÷ 8 = sekunde 50

Kumbukumbu ya ndani yaweza kulipokea faili hilo lote katika muda usiofika sekunde moja. Hivyo kioo chaweza kuonyesha kwamba kazi imekwisha, hali flashi imeandikwa sehemu ndogo tu. Mtumiaji akiichomoa katika sekunde ya 10, megabaiti 80 ndizo zitakazokuwa zimefika. Megabaiti 320, yaani asilimia 80 ya faili, zitapotea.

Ni kweli kwamba tangu toleo la 1809 la Windows 10, lililotolewa mwaka 2018, diski za nje huwekwa kwa kawaida katika utaratibu wa kuondolewa haraka, ambao haulimbikizi maandishi katika trei. Utaratibu huo hupunguza hatari ya kukawia. Hauondoi hatari ya kuichomoa diski wakati faili linanakiliwa au lingali limefunguliwa na programu.

4. NI NANI HUISHIKA DISKI?

Wanaoishika diski wamo katika makundi manne.

(a) Programu iliyo wazi. Huyu ndiye mshikaji wa kawaida. Dirisha lililoshushwa chini ya kioo halijafungwa, limefichwa tu. Kadhalika, programu ya muziki iliyosimamishwa katikati ya wimbo huendelea kulishika faili lake.

(b) Mahali pa kusimamia. Kila programu ina folda moja ambayo huhesabika kuwa imesimama humo. Dirisha la kuandikia amri likiwa limesimama katika folda ya diski ya nje, diski imeshikwa hata kama hakuna faili lolote lililofunguliwa. Sababu hii huwashangaza wengi, kwa kuwa haionekani kabisa kwa macho.

(c) Watumishi wa nyuma ya pazia. Programu ya kupambana na virusi huenda inakagua mafaili. Programu ya kutafuta huenda inatengeneza faharasa. Programu ya kuhifadhi nakala huenda imo katikati ya kazi. Hawa hawana dirisha.

(d) Mfumo wenyewe. Diski yaweza kuwa imeshirikishwa na kompyuta nyingine kwa njia ya mtandao, au imewekwa faili la kusaidia kumbukumbu ya ndani. Pia yawezekana diski nyingine imepachikwa ndani ya folda ya diski ile. Hapo hapana budi ile ya ndani ipachuliwe kwanza.

5. HATUA ZA UCHUNGUZI

Uchunguzi mzuri huanza na lililo jepesi na lisilo na madhara, kisha huendelea hadi lililo gumu.

Hatua ya 1. Kusubiri kidogo. Diski nyingi zina taa ndogo. Taa ikimetameta, kazi ingali inaendelea. Yafaa kungoja itulie, kisha kujaribu tena.

Hatua ya 2. Kuhifadhi na kufunga. Kila faili lililotoka katika diski lihifadhiwe, na programu yake ifungwe kabisa, wala si kushushwa tu. Dirisha la folda ya diski nalo lifungwe. Dirisha la amri likiwapo, lihamishwe kwa amri ya cd kwenda folda nyingine.

Hatua ya 3. Kuiuliza kompyuta. Ikiwa diski ingali inakataa, karani aombwe daftari lake. Katika Linux na Mac kuna programu iitwayo lsof, iliyotungwa na Vic Abell wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani. Ikiwa diski imepachikwa Linux mahali paitwapo /media/mwalimu/ALAMA, huandikwa:

lsof /media/mwalimu/ALAMA

Jibu huwa ni orodha ambayo kila mstari wake hutaja jina la programu, namba yake, mwenye kuiendesha na faili lililoshikwa. Katika safu ya FD, neno cwd huonyesha kwamba programu imesimama katika folda ya diski. Namba ikifuatwa na herufi r, faili limefunguliwa kwa kusomwa. Ikifuatwa na w, kwa kuandikwa. Na ikifuatwa na u, kwa yote mawili. Programu zinazoendeshwa na watumiaji wengine huenda zisionekane zote. Ili zionekane, amri hutanguliwa na neno sudo, ambalo huhitaji idhini ya msimamizi.

Katika Windows, mfumo wenyewe huweka kumbukumbu ya kukataa kwake. Amri eventvwr hufungua daftari la matukio. Katika sehemu ya mfumo hutafutwa tukio namba 225 lililoandikwa na Kernel-PnP. Ndani yake hutajwa programu iliyozuia diski isitolewe pamoja na namba yake.

Tumrudie mwalimu wa taaluma. Tuseme kompyuta yake ni ya Linux, na orodha ya lsof imeonyesha soffice.bin, yenye namba 4127, ikiwa imelishika faili la alama za kidato cha pili kwa herufi u. Hiyo ni programu ya LibreOffice. Maana yake ni kwamba jedwali la alama lingali wazi katika dirisha lililofichwa, tena kwa kuandikwa. Huenda alama alizosahihisha mwisho hazijahifadhiwa kamwe. Kompyuta ilipomkatalia, ilikuwa inailinda kazi yake mwenyewe.

Hatua ya 4. Kuiomba programu iondoke. Programu isiyo na dirisha, au iliyokwama, yaweza kuombwa kwa namba yake:

kill 4127

Amri hii, ijapokuwa jina lake ni kali, hupeleka ishara namba 15, ambayo ni ombi. Programu hupata nafasi ya kufunga mafaili yake. Amri kill -9 hupeleka ishara ambayo programu haiwezi kuipinga wala kujiandaa nayo. Kila kisichohifadhiwa hupotea. Kwa hiyo itumiwe baada ya ombi kushindikana, tena kwa kujua ni kitu gani kitakachopotea.

Hatua ya 5. Kuzima kompyuta kwa utaratibu. Yote yakishindikana, kompyuta izimwe kwa njia yake ya kawaida, ndipo waya uchomolewe. Mfumo endeshi hufunga programu na kuimwaga trei kabla ya kuzima. Yafaa ieleweke kwamba Windows, tangu toleo la 8 la mwaka 2012, yaweza kuzimwa nusu tu ili iwahi kuwaka baadaye. Kuishikilia batani ya Shift wakati wa kuchagua kuzima huifanya izime kabisa.

6. HATARI YA KULAZIMISHA

Diski iliyopangwa kwa mtindo wa FAT, ambao chimbuko lake ni miaka ya 1970 na ambao ungali unatumika katika flashi nyingi, huweka habari za faili moja katika mahali patatu. Kuna jina na ukubwa wa faili katika folda; kuna jedwali linaloonyesha vipande vya faili viko wapi; na kuna vipande vyenyewe. Mahali hapo patatu sharti pakubaliane. Waya ukichomolewa baada ya kimoja kuandikwa na kabla ya vingine, jina laweza kuonekana huku faili likiwa tupu. Au vipande vyaweza kuwamo vyote bila jina la kuvifikia.

Mitindo mingine, kama NTFS iliyoanza mwaka 1993 na ext3 iliyoingizwa katika Linux mwaka 2001, huweka kumbukumbu ya kila badiliko la mpangilio kabla ya kulitekeleza. Baada ya ajali, mpangilio hurekebishwa kwa kuisoma kumbukumbu hiyo. Lakini kinachohifadhika ni mpangilio wa makabati. Barua iliyokuwa katika trei, ambayo haijafika kabatini, haiwezi kurudishwa na mtindo wowote.

Kuna amri mbili zinazohitaji tahadhari ya pekee. Ya kwanza ni umount -l ya Linux. Amri hii huliondoa jina la diski katika mti wa mafaili mara moja, lakini mafaili yaliyo wazi hubaki wazi hadi programu zitakapoyaachilia. Mtumiaji huona diski imetoweka, akadhani yuko salama, kumbe maandishi yangali yakiingia. Ya pili ni fuser -km, ambayo huua kwa pamoja programu zote zinazoishika diski. Ikiandikwa folda ambayo si mahali pa kupachikia, huchukua diski yote inayobeba folda hiyo. Yaweza basi kuziua programu za kompyuta nzima.

Ikiwa ajali imekwisha kutokea, diski isiandikwe kitu kipya. Kwanza yanakiliwe mafaili yanayosomeka, ndipo mpangilio ukaguliwe: kwa amri chkdsk katika Windows, au fsck katika Linux, diski ikiwa haijapachikwa.

7. MAJARIBIO MAWILI

Majaribio haya yafanyiwe katika flashi isiyo na kitu cha thamani, kwa kompyuta ya Linux.

Jaribio la kwanza: kukataa. Flashi ichomekwe na kupachikwa. Yafunguliwe madirisha mawili ya amri. Katika la kwanza iandikwe cd pamoja na mahali flashi ilipopachikwa. Katika la pili iandikwe sudo umount na mahali pale pale. Kompyuta itakataa, ingawa hakuna faili hata moja lililofunguliwa. Wanafunzi watumie lsof kumtafuta mshikaji. Kisha katika dirisha la kwanza iandikwe cd peke yake, na amri ya kupachua irudiwe. Sasa itakubaliwa.

Jaribio la pili: kukawia. Faili la megabaiti 400 hivi linakiliwe kwenda katika flashi kwa amri ya cp, likitanguliwa na neno time ili muda upimwe. Mara tu likimalizika, iandikwe time sync, ambayo huamuru trei imwagwe. Muda wa kwanza na wa pili uandikwe katika jedwali. Jaribio lirudiwe kwa flashi nyingine, na matokeo yalinganishwe. Flashi hazifanani kwa kasi, na mifumo mingine huanza kumwaga trei mapema. Tofauti hizo zijadiliwe darasani.

8. HITIMISHO

Kompyuta inapokataa kuiachilia diski, huwa imefanya kazi ambayo mtumiaji hawezi kuifanya kwa macho: imelitazama daftari lake na kukuta faili ambalo halijarudishwa. Anayekawiwa husubiri; anayekataliwa humtafuta mshikaji. Akimjua, humfunga kwa upole kabla ya kumfunga kwa nguvu. Mwalimu aliyetajwa mwanzoni alihitaji dakika mbili kulifunua dirisha lililofichwa, kuhifadhi alama zake na kuipachua diski. Gari lilikuwa lingali nje.

MASWALI

1. Eleza tofauti kati ya kuchomoa na kupachua.

2. Mwanafunzi amefunga mafaili yote ya flashi, lakini kompyuta ingali inakataa kuitoa. Taja sababu tatu zinazowezekana, na jinsi ya kuihakiki kila moja.

3. Faili la megabaiti 900 lanakiliwa katika flashi iandikayo megabaiti 12 kwa sekunde. (a) Muda unaohitajika ni sekunde ngapi? (b) Ikiwa faili lote lilikuwa limepokelewa katika trei, na flashi ikachomolewa katika sekunde ya 30, ni asilimia ngapi ya faili itakayopotea?

4. Kwa nini kill yapasa kutangulia kill -9?

5. "Mtindo wenye kumbukumbu ya mabadiliko huzuia upotevu wote wa kazi." Jadili usemi huu ukitumia mfano wa masjala.